Mkono wa Mugwe, Mbuzi wa Nyanya

Mahakama ya Juu ilisoma hukumu yake kuhusu usajili wa shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, Nairobi, siku ya Ijumaa, tarehe 24 Februari 2023. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimeketi kwenye benchi la tatu la kanisa letu hapa Imenti, na baada ya matangazo ya harambee mzee mmoja wa kanisa alisimama kuzungumzia hukumu hiyo. Hakufungua Biblia. Alisema kwamba tangu Wameru walipotoka Mbwaa, nchi ya mababu, mila zetu hazijawahi kumjua mtu wa namna hiyo, kwamba mwanamke kuoa mwanamke ni jambo lililoletwa na wazungu, na kwamba Mugwe angefufuka leo angewalaani wote. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 31, nusu ya miaka hiyo upande wa Meru na nusu upande wa Embu. Na mamangu mzazi alizaliwa Mbeere, na mwanamke aliyeolewa na mwanamke.

Sikusimama kumjibu mzee. Kanisani kwetu mtu habishani na mzee mbele ya watoto. Lakini nilirudi nyumbani na maneno yake yakanikalia kifuani, kwa sababu alikuwa amewaita wafu watoe ushahidi bila kuwasikiliza. Nimeamua kuandika ninayoyajua, kwa kuwa waliobaki wanaoyajua ni wachache, na mimi mwenyewe si kijana.

Nianze na Mugwe, maana ndiye aliyetajwa.

Karibu kila kundi la Wameru lilikuwa na Mugwe wake: Igembe, Tigania, Imenti, na kusini huko Chuka na Tharaka. Hakuwa mtawala. Kukata kesi na kutoa amri ilikuwa kazi ya wazee wa Njuri Ncheke. Mugwe alibariki. Alibariki rika jipya kabla halijashika nafasi yake, akabariki mashamba na mifugo, na wazee walimkumbuka kama mrithi wa yule kiongozi aliyewavusha maji watu wetu walipokimbia kutoka Mbwaa. Nguvu zake zilikaa katika mkono wa kushoto, ulioshika kitu kitakatifu kinachoitwa kiragu. Mkono huo haukuonwa na mtu. Aliuficha chini ya vazi lake mchana na usiku, na iliaminiwa kwamba atakayeuona atakufa. Adui alipokuja, ilimtosha Mugwe kuuinua.

Waingereza walipofika Meru mwaka 1908, wakiongozwa na Edward Horne, ambaye wazee walimpa jina Kangangi, waliwatafuta machifu. Mugwe hawakumwona, wala wazee hawakuwa na haraka ya kumwonyesha. Miaka mingi baadaye padri mmoja Mwitaliano wa shirika la Consolata, Bernardo Bernardi, aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alikaa na wazee hao, akawauliza na kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1959, na katika kichwa chake Mugwe aliitwa nabii anayefifia. Kilipochapishwa tena Nairobi mwaka 1989 kichwa kilibadilishwa: sasa Mugwe akawa nabii anayebariki. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba badiliko hilo la maneno machache lina uzito kuliko sura nzima. Padri aliyedhani anaandika habari za jambo linalokufa aliishi hadi akaona kwamba kazi yake halisi ilikuwa kueleza baraka.

Mwaka 1960 msomi wa Oxford, Rodney Needham, aliandika makala kuhusu mkono huo wa kushoto. Needham hakufanya utafiti wake Meru. Aliwasoma Bernardi na wengine waliotangulia, akapanga alichokisoma katika safu mbili. Upande wa kulia aliweka mwanamume, mchana, mkubwa, utawala. Upande wa kushoto aliweka mwanamke, usiku, mdogo, na mamlaka ya dini. Kwa mpango huo Mugwe, mwanamume, anaangukia upande wa wanawake. Hilo halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili. Kiswahili cha kale kiliita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Mababu zetu wa mlimani na wazee wa pwani walikuwa wakifikiri kwa namna inayofanana.

Kutoka hapo habari ilianza kutembea na kunenepa. Makala ya Needham ilichapishwa upya ndani ya kitabu Chicago mwaka 1973. Mwaka 1998 ukatoka mkusanyo wa Murray na Roscoe kuhusu mapenzi ya jinsia moja Afrika, na humo, kwa kumtegemea Needham, imeandikwa kwamba "mugawe" wa Wameru, kama walivyoliandika jina la Mugwe, huvaa na kutengeneza nywele kama mwanamke, na kwamba wakati mwingine huolewa na mwanamume. Tangu wakati huo sentensi hiyo imenukuliwa na watetezi wa haki mara nyingi, mara nyingine na vijana ambao hawajawahi kuvuka daraja la Nithi.

Nitasema wazi ninavyopima jambo hili. Mugwe wa Bernardi, aliyeandikwa na mtu aliyekaa na wazee, ni mwanamume mwenye mke na boma lake, na cheo chake kinapita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Sentensi moja iliyopita mikono mitatu nje ya nchi haitoshi kunifanya nimvishe mavazi mengine. Nampenda kijana anayetafuta babu wa kumshika mkono katika historia. Najua upweke unaomsukuma kutafuta. Lakini sitampa babu ambaye siwezi kumthibitisha, maana siku atakayeshindana naye atakapofungua kitabu cha Bernardi, kijana huyo ataachwa bila neno.

Hata hivyo mzee wetu wa kanisa naye hakumtendea Mugwe haki. Alimfanya polisi. Mugwe hakuwa na kiboko wala jela, na katika jamii iliyowapa wanaume kila kitu kinachoonekana, heshima yake kuu iliwekwa katika mkono wa kike, mkono uliofichwa. Watu walioweza kufikiri hivyo hawakuwa na akili nyembamba kama tunavyowasingizia. Walijua kwamba ndani ya mtu mmoja kuna pande mbili, na kwamba baraka huenda isitoke upande unaoutarajia.

Sasa nivuke mto Thuci, niingie upande wa mamangu.

Mbeere ni nchi kavu. Ukishuka kutoka Embu mjini, ukaacha chai na kahawa nyuma yako, joto linapanda na udongo unabadilika rangi, na kufika Siakago unaona mbaazi, pojo, mtama na mbuzi. Huko aliishi mwanamke tuliyemwita Nyanya Mkubwa. Mumewe alikufa bila mtoto. Ardhi ya Mbeere ilikuwa ya ukoo, na mjane asiye na mwana alikuwa kama mgeni anayesubiri kuambiwa aondoke. Nyanya Mkubwa hakusubiri. Alikuwa na mbuzi wake mwenyewe, aliowapata kwa kuuza nafaka na asali, na aliwatoa mbuzi hao pamoja na pombe ya asali kama mahari ya msichana. Msichana huyo ni Nyanya Mdogo, aliyemzaa mama.

Wazee wa pande zote mbili walikuwepo. Mbuzi walihesabiwa kama wanavyohesabiwa mbuzi wa mahari yoyote. Mwanamume wa kuzaa naye alichaguliwa kwa makubaliano, na watoto wanne waliozaliwa walikuwa watoto wa boma hilo, wenye jina la marehemu na haki ya shamba lake. Siku baba yangu alipovuka mto kutoka Imenti kuja kumposa mama, aliyeketi na wanaume kupokea mahari alikuwa Nyanya Mkubwa. Baba alisimulia mpaka uzeeni jinsi mwanamke yule alivyomkatalia mbuzi wawili waliokonda.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba hao wawili walikuwa wapenzi. Hakuna aliyewahi kusema hivyo nyumbani kwetu, na sababu ya ndoa yao ilijulikana na kila mtu: jina, shamba, watoto wa kumzika mtu. Anayewachukua nyanya zangu na kuwafanya bendera ya jambo ambalo hawakulisema anawachukulia kitu ambacho si chake. Lakini anayesimama kanisani na kusema kwamba mwanamke kuoa mwanamke kumeletwa na ndege anawafuta kabisa, na kuwafuta ni kubaya zaidi. Niliwaona. Walilala nyumba mbili katika boma moja, walipika kwenye jiko moja, na mmoja alipougua mwingine alikoroga uji wa wimbi na kumnywesha kwa kibuyu. Walikaa pamoja miaka zaidi ya 40. Kama kulikuwa na neno la mapenzi kati yao, basi ni kazi hiyo ya kila siku, nami sina jina lingine la kuipa.

Nchi nzima inaijua desturi hii kwa majina mbalimbali. Wakamba wanayo, Wakisii wanayo, Wakuria wanayo, Wakikuyu wanayo, Wanandi wanayo. Mwaka 2011 Jaji Jackton Ojwang, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, aliamua kesi ya Katam na Chepkwony, akamtambua mwanamke wa Kinandi aliyeolewa na mwanamke kuwa mrithi halali wa marehemu aliyemwoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 baadaye ikaandika kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Na siku chache baada ya hukumu ya Februari 2023 Rais Ruto alisema hadharani kwamba anaiheshimu mahakama, lakini mila zetu, Ukristo na Uislamu haviwezi kukubali wanawake kuoana. Kuhusu Ukristo na Uislamu, waumini wa dini hizo wana haki ya kusema hivyo, na wengi wao wanasema hivyo. Kuhusu mila, kumbukumbu za mahakama na kaburi la Nyanya Mkubwa zinasema vingine.

Kaburi hilo ndilo linaloniuma.

Katika miaka ya hamsini Nyanya Mkubwa alitaka kubatizwa. Alikuwa amesikia nyimbo, akazipenda, akaanza kwenda kusikiliza mafundisho chini ya mti. Sitalitaja kanisa lenyewe, na waliohusika wote wamekufa. Katekista alimuuliza maswali, akafika kwenye ndoa, akakwama. Hakuwa na safu ya kumwandika. Mwishoni alimpa njia mbili: amrudishe Nyanya Mdogo kwao, au amwandikishe kama mtumishi wa nyumbani. Nyanya Mkubwa aliuliza, "Na watoto nao nitawaandika nani?" Nyanya Mdogo, aliyekuwa mpole kuliko wote, ndiye aliyekataa lile la mtumishi. Alisema mbuzi wake walihesabiwa mchana. Basi wakaondoka pamoja. Kila Jumapili walikuwa wakisimama nje ya ua, mahali ambapo nyimbo zinasikika. Nyanya Mkubwa alikufa mwaka 1979 bila ubatizo, akazikwa bila kengele.

Nimekuwa nikimfikiria Askofu David Gitari kwa sababu ya jambo hili. Gitari, mtoto wa Kirinyaga, alifanywa askofu wa Kianglikana wa Mount Kenya East mwaka 1975, dayosisi iliyoanzia hapa kwetu Embu na Meru na kupanda hadi nchi kavu za Marsabit. Wengi wanamkumbuka kwa kumkemea Rais Moi kutoka mimbarini, na kwa wale waliovamia nyumba yake usiku. Mimi namkumbuka kwa kazi isiyo na kelele. Alizunguka vijijini akawakuta wanaume wenye wake wawili au watatu wanaotaka kubatizwa, na wanawake wanaoambiwa warudi kwao na watoto ili mume apate kuokoka. Aliandika na kusema kwamba kanisa haliwezi kuingiza mtu mlangoni kwa kumtupa mwingine dirishani. Katika mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikubali hoja hiyo. Azimio la 26 linaruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, kwa ahadi ya kutoongeza mwingine, na linasema asilazimishwe kumwacha yeyote kati yao, kwa sababu ya taabu itakayompata mwanamke huyo.

Mafundisho kuhusu ndoa hayakubadilika. Kanisa liliendelea kufundisha mume mmoja na mke mmoja, na linafundisha hivyo hadi leo. Kilichobadilika ni namna ya kumtendea mtu aliye tayari mbele yako na maisha yake yote mkononi. Miaka kumi baadaye, Lambeth 1998, Gitari akiwa askofu mkuu wa Kenya, maaskofu wa Afrika walikuwa mbele katika kupitisha azimio linalokataa mapenzi ya jinsia moja. Sikatai kwamba mambo haya mawili ni tofauti, na ndugu zangu wa kanisa watanikumbusha. Ninachosema ni kwamba mlima huu huu ndio uliowafundisha maaskofu wa dunia kwamba unaweza kushika fundisho lako bila kuvunja nyumba ya mtu. Somo hilo lilifika Mbeere miaka tisa baada ya Nyanya Mkubwa kuzikwa.

Kuna upande mwingine wa historia yetu ambao hausemwi siku hizi makanisani, nao ni wa vidole na nyembe.

Dakta Clive Irvine alifungua misheni ya Kipresbiteri Chogoria mwaka 1922. Alijenga hospitali ambayo imeokoa watu wengi, na hilo lisisahauliwe. Lakini mwaka 1929 misheni za Kiskoti ziliwataka waumini waweke kiapo cha kukataa tohara ya wasichana na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole, kirore. Chogoria ilimwagika. Watu waliobatizwa juzi waliondoka kwa makundi, madarasa yakabaki matupu, na katika sehemu nyingi za milima hii zikazaliwa shule na makanisa ya kujitegemea. Walioondoka hawakuacha kumwamini Mungu. Waliacha kuamini kwamba Mungu anahitaji kidole chao kwenye wino.

Serikali haikujifunza. Mwezi Machi 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri Ncheke, kwa msukumo wa maofisa, walipiga marufuku tohara ya wasichana katika wilaya yote ya Meru. Dada yangu alikuwa na umri wa miaka 12. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Yeye na wasichana wenzake wanane walinunua wembe dukani, wakaingia vichakani, wakakatana wenyewe. Wasichana wa namna hiyo waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo, na wengine maelfu walitozwa faini na wazee na machifu bila kufika mahakamani. Baba alilipa mbuzi. Dada alivuja damu siku mbili, na kila alipojifungua baadaye alikaribia kufa.

Tohara hiyo ilikuwa mbaya, na siiombolezi. Iliumiza watoto, na sheria ya mwaka 2011 inayoikataza ni sheria njema. Lakini nimekuwa nikiuliza kwa nini amri ya 1956 iliongeza nyembe. Na nimekuwa nikiitazama Gatunga, huko Tharaka, ambako mwaka 1996 akina mama, pamoja na shirika la Maendeleo ya Wanawake, walianzisha Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Wasichana waliwekwa ndani wakafundishwa, wakaimbiwa, wakatoka wamekuwa watu wazima bila wembe. Familia chache zilikubali mwaka huo wa kwanza. Miaka iliyofuata zikaongezeka. Dada yangu alipeleka mjukuu wake. Aliniambia, "Wangetuuliza sisi mwaka ule, tungewaambia."

Ninaleta habari hii kwa sababu moja tu, na nitaieleza ili nisishtakiwe kwa kuchanganya mambo. Tohara iliumiza mtoto asiye na uwezo wa kukataa. Watu wazima wawili wanaopendana ndani ya nyumba yao hawajamkata mtu. Kama kiapo na faini vilishindwa hata pale vilipokuwa upande wa haki, vitaleta nini pale ambapo hakuna aliyejeruhiwa?

Maana sheria tunayoililia leo kama mila ya babu haikutoka kwa babu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vyenye kifungo cha miaka 14 na miaka mitano, vimetokana na sheria za Waingereza. Kwanza ilikuja ile waliyoiandika India mwaka 1860 na kuileta Afrika Mashariki mwaka 1897, kisha kanuni yetu ya mwaka 1930. Njuri Ncheke haikuiandika. Wazee wa Nyangi Ndiiriri wa Embu hawakuiandika. Waingereza wenyewe walianza kuiondoa kwao England na Wales mwaka 1967, sisi tukabaki nayo na kuipa jina la utamaduni wetu. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuviondoa vifungu hivyo, na miongoni mwa waliojiunga na kesi kuvitetea walikuwepo wanataaluma Wakristo. Walikuwa na haki ya kusikilizwa. Mimi pia ni Mkristo, ninahubiri kanisani Jumapili moja kila mwezi, na ningependa nami nisikilizwe.

Hofu ya makanisa ninaijua, kwa sababu ninaisikia jikoni kila tunapopika chakula cha mazishi. Akina mama wanaamini kwamba hukumu ya 2023 inamlazimisha mchungaji kufungisha ndoa za wanaume wawili. Sivyo. Kesi hiyo ilianza mwaka 2013, wakati Eric Gitari alipokataliwa kusajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Majaji watatu, Mwilu, Wanjala na Njoki Ndungu, walisema kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuunda chama. Majaji Ibrahim na Ouko walipinga. Basi. Kifungu cha 45 cha Katiba bado kinazungumzia ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Na kifungu cha 32 kinamlinda mchungaji na imamu: hakuna anayeweza kumlazimisha kutenda kinyume cha imani yake. Uhuru huo wa dini ninaupenda. Wazee wa Chogoria walioondoka mwaka 1929 walikuwa wakiutafuta kabla haujaandikwa popote. Lakini uhuru uliotukinga sisi na kirore cha misheni hatuwezi kuugeuza ukawa kirore cha wengine.

Na sasa nimseme yule aliyenifanya nishike kalamu. Alikuwa mwanafunzi wangu. Sitataja jina lake, wala mji, wala kanisa. Aliimba sauti ya tenor katika kwaya kwa miaka sita, na hakuna aliyemfahamu kwa jambo lingine ila sauti hiyo na kwamba alikuwa akimlipia mdogo wake karo. Wiki ya tatu baada ya hukumu mtu alisambaza uvumi kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Hakuna aliyemuuliza. Alifika mazoezini Jumamosi akakuta joho lake limeondolewa kwenye msumari wake, na kiongozi akamwambia akae kwanza nje mpaka wazee wakutane. Wazee hawajakutana. Alinipigia simu usiku akaniuliza, "Mwalimu, ile hadithi ya nyanya zako wawili ilikuwa kweli?" Nilikuwa nimewasimulia darasani, kidato cha tatu, zamani sana. Nikamwambia ilikuwa kweli. Akanyamaza, kisha akasema Jumapili amekuwa akisimama karibu na lango, kwa sababu hapo nyimbo zinasikika.

Wahubiri wenzangu wa Kaaga, Chogoria, Kigari na Siakago, nawaomba jambo moja. Mkiamini kwamba Maandiko yanakataza, semeni Maandiko yanakataza. Hiyo ni haki yenu na sitawanyang'anya. Lakini msimwite Mugwe awalaanie mtu, msiwafute nyanya zangu, na msiite sheria ya India ya mwaka 1860 mila ya Mbwaa. Na yule kijana arudishiwe joho lake.